Mbuzi wa Nanganga: faida iko bandani, si kwenye kisu

MSIMU wa korosho unapokaribia, mfugaji mdogo wa Nanganga mwenye mbuzi watano au sita hukabiliwa na swali lile lile: amuuze mbuzi wake akiwa hai kwa mchuuzi anayepita kijijini, ama amchinje mwenyewe na kuuza nyama kwa kilo?

Wengi huona jibu liko wazi. Mchuuzi hununua mbuzi kwa bei ya mlangoni, na kesho yake nyama ya mbuzi huyo huyo inaning'inia buchani kwa bei ambayo mfugaji akiisikia hushika kichwa. Hivyo huamini kwamba pesa zote ziko kwenye kisu, na kwamba mwenye kuchinja ndiye mwenye kula.

Hesabu ikipigwa kwa makini, inaonyesha kuwa mambo sivyo yalivyo. Kisu huongeza kidogo tu, na kidogo hicho huweza kuliwa chote na kilo moja iliyooza au wateja wawili waliokopa. Faida yenyewe hutengenezwa bandani, miezi mingi kabla ya siku ya kuchinja, na humwendea yule aliyepanga uzazi, chanjo na unenepeshaji kwa kufuata kalenda ya fedha za wanunuzi wake.

NJIA PANDA YA BIASHARA

Nanganga ni mahali ambapo barabara itokayo Lindi na Mtwara kwenda Masasi inapoachana na ile inayoingia Ruangwa na Nachingwea. Upande mmoja wako Nyangao na Mtama, upande mwingine Ndanda na Masasi. Kipande cha Nanganga hadi Ruangwa, cha takriban kilomita 53, kilianza kujengwa kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2020.

Kwa mfanyabiashara wa nyama, njia panda ina maana mbili. Kwanza, wapo walaji wanaopita: madereva, makuli wa maghala, wanunuzi wa mazao na abiria. Pili, mbuzi wa vijiji vya ndani wanaweza kufikishwa barabarani kwa gharama ndogo.

Huko ndani nako soko limebadilika. Ruangwa ina timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na siku inapokuja timu kubwa ya Dar es Salaam mji hujaa wageni. Wilaya hiyo hiyo ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, pamoja na mgodi wa madini ya kinywe wa Lindi Jumbo ulioanza uzalishaji mwaka 2024. Watu wanaolipwa mshahara hula nyama hata mwezi ambao mkulima hana kitu.

KWA NINI MIFUGO MIDOGO

Kwa miaka mingi ukanda huu haukuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o na ugonjwa wa nagana uliwafanya wenyeji, Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, wategemee mbuzi, kuku, samaki na nyama ya porini. Hata Waingereza walipoanzisha mradi wao mkubwa wa karanga Nachingwea mwaka 1947, mradi uliokufa mwaka 1951, fikra ilikuwa ni kilimo wala si mifugo.

Hali ilianza kubadilika mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mkoani Mbeya na baadhi yao kuelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi pamoja na ng'ombe wao. Tangu hapo nyama ya ng'ombe imekuwa jambo la kawaida zaidi mkoani Lindi, na ndiyo inayomwekea mwuza mbuzi kikomo cha bei. Mbuzi akipanda sana, mlaji huhamia kwenye ng'ombe.

Hata hivyo mbuzi ana nguvu yake. Ng'ombe mmoja hutoa zaidi ya kilo 100 za nyama, na mahali pasipo na jokofu lazima wapatikane wanunuzi wengi kabla jua halijazama. Mbuzi wa kienyeji hutoa kilo 10 hadi 13, ambazo kijiji chaweza kuzimaliza kabla ya adhuhuri. Kuku ni wa sufuria moja. Udogo huo ndio ghala la baridi la maskini: nyama hukaa ikiwa hai mpaka siku ambayo mnunuzi yupo.

HESABU YA KISU

Bei hubadilika kijiji hadi kijiji na wiki hadi wiki, kwa hiyo tarakimu zifuatazo si bei za soko. Ni mfano wa kupigia hesabu, na kila mmoja anaweza kuweka bei za mahali pake.

Tuchukue mbuzi wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 24 akiwa hai. Mbuzi wa aina hii hutoa nyama ya kuning'iniza kiasi cha asilimia 45 hadi 48 ya uzito wake. Hivyo atatoa kama kilo 11. Katika kukata, kupungua kwa maji na vipande visivyouzika, kilo moja hupotea. Zinabaki kilo 10 za kuuza.

Tuseme mchuuzi anatoa shilingi 90,000 kwa mbuzi huyo akiwa hai, na nyama inauzwa shilingi 10,000 kwa kilo. Nyama italeta shilingi 100,000. Kichwa, miguu na utumbo vilete shilingi 12,000. Jumla ni shilingi 112,000. Hapo toa ujira wa mchinjaji, ushuru, ukaguzi na usafiri, tuseme shilingi 15,000. Mfugaji anabaki na shilingi 97,000.

Kwa hiyo, baada ya kazi ya siku nzima, kisu kimemwongezea shilingi 7,000 tu. Ikibaki kilo moja bila mnunuzi, anapata shilingi 87,000, yaani pungufu ya zile alizokuwa akipewa mlangoni bila kutoka jasho.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi. Chukua bei ya mbuzi akiwa hai, ongeza gharama zote za kuchinja na kuuza, toa thamani ya kichwa na utumbo, kisha gawa kwa kilo zitakazouzika kweli. Katika mfano huu ni 90,000 jumlisha 15,000 toa 12,000, gawa kwa 10. Jibu ni shilingi 9,300. Bei ya buchani ikiwa chini ya hapo, afadhali mbuzi aende na mchuuzi.

Ngozi haikuwekwa katika hesabu kwa makusudi. Isihesabiwe kuwa ni faida mpaka mnunuzi wake awepo. Akiwepo, mbuzi achunwe kwa ngumi zaidi kuliko kisu ili ngozi isitoboke, ipakwe chumvi na ianikwe kivulini ikiwa imetandazwa. Ngozi iliyokauka juani chini ya mchanga haina bei.

HESABU YA BANDA

Sasa mbuzi yule yule anenepeshwe kabla ya kuuzwa. Beberu aliyehasiwa mapema, akilishwa vizuri pamoja na malisho yake ya kawaida, anaweza kuongeza kama gramu 60 kwa siku. Kwa siku 67 ataongeza kilo 4 na kufikia kilo 28. Kwa kipimo kile kile atatoa karibu kilo 13 za nyama, na za kuuza zitakuwa kama kilo 12.

Nyama sasa inaleta shilingi 119,000 hivi badala ya 100,000. Chakula cha nyongeza cha gramu 300 kwa siku kitafika kilo 20. Kikinunuliwa kwa shilingi 500 kwa kilo, gharama ni shilingi 10,000. Mfugaji amebaki na nyongeza ya shilingi 9,000, ambayo ni zaidi ya ile ya kisu. Chakula hicho kikitoka shambani kwake mwenyewe, karibu shilingi 19,000 zote ni zake.

Na chakula kipo. Ukanda huu una maganda na majani ya mbaazi, majani ya karanga, pumba za mahindi, mashudu ya ufuta pale panapokamuliwa mafuta, na maganda ya muhogo ambayo hayana budi kukaushwa vema kwanza ili sumu yake ipungue. Msimu wa korosho yenyewe mabibo huoza chini ya miti kwa wingi, na mbuzi huyala. Yatolewe kidogo kidogo, yakiwa hayajachacha.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kuanzia katikati ya mwaka mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga na dawa dhidi ya mbu wa mikorosho. Mbuzi wasichungwe chini ya miti iliyopuliziwa karibuni. Ni hatari kwa mbuzi, na ni hatari kwa atakayekula nyama yake. Isitoshe, mbuzi hula machipukizi ya mikorosho michanga, na kesi za namna hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji zimewahi kula faida ya mwaka mzima.

KALENDA YA FEDHA

Fedha za ukanda huu huja kwa mawimbi mawili. La kwanza ni la ufuta, ambao minada yake katika mkoa wa Lindi huanza karibu mwezi wa Mei na Juni. La pili ni la korosho, linaloanza Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au Januari. Katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale mazao hayo hupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani.

Sikukuu ya Idi ya kuchinja nayo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 iliangukia Juni, wakati wa fedha za ufuta. Mbuzi wa kuchinja siku hiyo anatakiwa awe ametimiza mwaka na asiwe na kilema, kwa hiyo mbuzi aliyetunzwa vema huuzika akiwa hai kwa bei ambayo hakuna kisu kitakachoifikia.

Mbuzi hubeba mimba kwa miezi mitano. Majike wakipandwa Oktoba na Novemba, watazaa Machi na Aprili, majani yakiwa bado mabichi na maziwa ya mama yakiwa ya kutosha. Madume wa uzao huo wahasiwe mapema. Chini ya malezi ya kijijini watafikia uzito wa kuuzwa wakiwa na mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, yaani kati ya Idi na msimu wa pili wa korosho. Unenepeshaji uanze Agosti, ili Oktoba na Novemba, mkulima anapolipwa, mbuzi awe tayari.

Asiyepanga hujikuta kinyume. Huuza Februari na Machi, wakati wa njaa na ada za shule, ambapo kila mtu anauza na hakuna anayenunua. Mchuuzi analijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

MALI KAULI

Hatari kubwa ya kuuza nyama kijijini haiko kwenye kuoza. Iko kwenye mali kauli. Septemba mlaji ana hamu ya nyama lakini hana fedha, naye huahidi kulipa korosho zikiuzwa. Kumnyima ni ugomvi na jirani, kumpa ni kumkopesha bila riba wala hati.

Msimu wa 2018/19 ulitoa funzo kali. Novemba 2018 Serikali ilikataa bei za wanunuzi binafsi, ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo ya wakulima wengi yalichelewa hadi mwaka uliofuata. Mwuza nyama aliyekuwa ametoa mali kauli akitegemea Novemba hakuwa na la kufanya ila kusubiri pamoja na mdeni wake.

Njia iliyo salama ni kuuza kabla ya kuchinja. Watu wanane au kumi huchangia mbuzi mmoja, kila mmoja hulipa fungu lake mapema, na mbuzi huanguka siku ambayo fedha zimetimia. Hapo hakuna kilo inayobaki wala daftari la madeni. Zile shilingi 7,000 za kisu, ambazo ni ndogo, angalau huwa za uhakika.

MTAJI UNAOWEZA KUFA KWA WIKI

Mfanyabiashara anayenunua mbuzi mbali ili awanenepeshe akumbuke yaliyotokea Newala. Februari 2009 sotoka ya mbuzi na kondoo iliingia katika kijiji cha Likuna kwa njia ya mbuzi waliokuwa wamenunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, umbali wa kilomita mia kadhaa. Ugonjwa huo ulikuwa umethibitishwa nchini mwaka 2008 tu, upande wa kaskazini. Kutoka Newala na Tandahimba hadi Nanganga si mbali kwa lori.

Dalili zake ni homa, machozi na kamasi nzito, vidonda mdomoni, kuhara na kupumua kwa shida. Katika kundi ambalo halijachanjwa huweza kuua zaidi ya nusu. Haumwambukizi binadamu, ila humfilisi. Chanjo ipo, na dozi moja huweza kumkinga mbuzi kwa takriban miaka mitatu. Mbuzi mgeni atengwe kwa wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji, na asafirishwe kwa kibali cha mifugo kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inavyotaka. Watu wengi hukiona kibali ni usumbufu. Baada ya Likuna, ni bima ya bei rahisi.

Kwa upande wa kuku adui ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huu hupenda kuvuma wakati wa kiangazi, kuanzia Septemba hadi Novemba, yaani hasa wiki chache kabla fedha za korosho hazijaingia. Mtu anaweza kulala na kuku 40 wa kuuza na baada ya siku chache akabaki na wanne.

Dawa ya kutibu haipo. Ipo chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na kuanza kutengenezwa nchini katika maabara ya mifugo ya Temeke. Sifa yake ni kwamba huvumilia joto zaidi kuliko chanjo za kawaida, na hutolewa kwa tone moja jichoni. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Anayelenga soko la Novemba achanje Agosti, na vizuri zaidi wachanje kijiji kizima siku moja, kwa kuwa kuku hawajui mipaka ya viwanja.

SIKU YA KUCHINJA

Kwa yule ambaye hesabu yake imemwonyesha kuwa kuchinja kunalipa, yapo mambo machache yanayolinda faida hiyo ndogo.

Mbuzi aliyedungwa sindano ya dawa asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Kwa baadhi ya dawa zinazokaa mwilini muda mrefu, siku hizo hufikia 28. Usiku wa kuamkia kuchinjwa apumzishwe bila chakula, lakini apewe maji ya kutosha. Tumbo jepesi halipasuki ovyo, na mbuzi aliyetulia hutoka damu vizuri, jambo linalofanya nyama ikae muda mrefu zaidi.

Achinjwe alfajiri. Aning'inizwe mara moja, asichunwe chini kwenye vumbi. Utumbo utolewe bila kutobolewa, na nyongo iondolewe kwa uangalifu. Maji machafu huharibu nyama kuliko kutoioshea kabisa.

Nyama ya kuuzwa inatakiwa ichinjwe mahali palipoidhinishwa na ikaguliwe na ofisa mifugo. Biashara hiyo iko chini ya Sheria ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda pia Bodi ya Nyama. Aliyezoea kuchinja nyuma ya nyumba kwa ajili ya familia asidhani kuwa siku anapoanza kuuza mambo ni yale yale. Na katika eneo lenye Waislamu wengi, mteja hataki kuuliza mara mbili nani amechinja. Mchinjaji anayeaminika ni sehemu ya mtaji.

MWELEKEO

Kwa ujumla, mwenye mbuzi watano hatatajirika kwa kufungua bucha. Majike wanne wakizaa vizuri mara moja kwa mwaka huweza kutoa watoto watano hivi, mmoja akafa, wakabaki wanne. Madume wawili ni wa kuuza, majike wawili ni wa kukuza kundi. Mtaji wa namna hiyo hauvumilii kupoteza hata mmoja kwa sotoka au kwa mali kauli.

Lakini mfugaji huyo huyo akichanja kwa wakati, akahasi, akanenepesha kwa mabaki ya shamba lake na kuuza wakati fedha ziko mikononi mwa watu, mchuuzi atakuja mlangoni kwake na atalazimika kutoa bei nzuri. Siku ambayo mchuuzi atakataa, na wachangiaji kumi wamekwisha lipa, ndipo kisu kinolewe.